Mgeni Wako Ulimsindikiza Hadi Wapi?

Nyinyi mliobaki kwenye kliniki ya moyo mliniomba niwaandikie mambo ambayo hayamo kwenye mwongozo wa utafiti. Nimekubali upesi, maana mwongozo huo nimeusoma mara nyingi kuliko kitabu kingine chochote nyumbani kwangu, na yapo mambo ambayo haukuwahi kunisaidia hata siku moja. Vyeo na mishahara sitavitaja. Mwenye hamu navyo aende ofisi ya utumishi, akae kwenye benchi lile la nje, asubiri kama sisi tulivyosubiri. Majina nimeyabadilisha, na wale ambao habari zao nimezieleza wameniruhusu.

Nilianza Tororo, kwenye wodi ya watu wazima, nikiwa nesi mpya mwenye sare iliyopigwa pasi mpaka ikaweza kusimama yenyewe. Msimamizi wetu alikuwa Sista Nabwire, mama mfupi wa Kisamia aliyetembea bila kutoa sauti, kiasi kwamba wavivu walimwogopa hata alipokuwa likizo. Asubuhi ya kwanza alininyang'anya kipimo changu cha presha, kipya kabisa, akakitia mfukoni mwake.

"Macho kwanza," alisema. "Mashine utazikuta tu."

Akanipeleka kwa mgonjwa aliyekuwa ameketi kitandani, ameinama mbele kidogo kama mtu anayesikiliza redio yenye sauti ndogo. Nikaambiwa niseme ana nini. Nikasema pumu.

"Muulize analalia mito mingapi."

Nikamuuliza. Yule baba akanitazama kwa huruma. "Mito? Mimi nalala kwa kiti, Sista."

Kisha Sista Nabwire akaushika mkono wangu, akakiweka kidole gumba changu kwenye muundi wa mguu wa yule baba, akakikandamiza na kusema nihesabu taratibu. Nilipoachia, shimo lilibaki, kama unapobonyeza unga uliokandwa. "Maji," alisema. "Moyo haumudu kuyasukuma, yameshuka miguuni. Akilala, yanapanda kifuani, ndiyo maana anaogopa kulala." Tangu siku ile sijaacha kuuliza habari za mito. Ni kipimo kisichohitaji betri.

Kueleza ugonjwa wenyewe nako nilijifunza kwake. Vitabu vinasema moyo umeshindwa. Mwambie mtu hivyo, naye ataenda nyumbani kungoja mwisho. Sista Nabwire alitumia pampu ya kisima cha kijiji. Kila mtu hapa anaijua: raba za ndani zikichakaa, unapiga mpini, unapiga, maji yanatoka kidogo. Kisima hakijakufa. Raba zimechakaa. Zitunzwe, mpini usipigwe kwa nguvu, na watu wataendelea kuteka. Dawa ni matunzo ya raba. Nimeieleza pampu ile kwa Kiswahili, kwa Dhopadhola, kwa Kisamia changu kibovu, na mara moja kwa ishara za mikono, na sijaona mtu aliyeondoka bila kuielewa.

Baadaye nilihamia Busia, na huko ndiko utafiti uliponikuta. Aliyeuongoza alikuwa Daktari Omondi, mtu wa ng'ambo, upande wa Kenya, aliyevuka mpaka kwa miguu kila asubuhi akiwa na chupa yake ya chai, kwa sababu alidai upande wetu tunachemsha maji tu na kuyaonyesha majani. Swali lake lilikuwa rahisi kulitaja. Mgonjwa wa moyo akishatoka wodini, hali ya roho yake, yaani huzuni, hofu, upweke, ina uhusiano gani na atakavyoendelea? Nani anarudi wodini, nani anaendelea na maisha yake, nani tunamzika? Mpaka wakati huo sisi tulipima presha na uzito. Huzuni tuliwaachia wachungaji.

Kazi yangu ilikuwa kuwafuata wagonjwa nyumbani, hasa upande wa Dabani. Nilibeba kipimo cha presha, hojaji, mizani, na ubao wa kuwekea chini yake. Ubao huo haumo kwenye orodha yoyote, lakini msiusahau. Sakafu ya udongo haiko sawasawa, na mizani ikiinama kidogo, mgonjwa amepungua kilo kadhaa bila kukojoa hata tone. Niliuchongesha kwa fundi seremala, nikaufunga nyuma ya bodaboda pamoja na mizani. Madereva wa boda hawakunipa amani.

"Sista, leo wewe unanunua kahawa wapi?"

"Si kahawa. Napima watu."

"Eh! Na mtu kilo moja ni bei gani?"

"Wewe hata bure sikuchukui. Ni mifupa tu."

Jambo jingine la kukumbuka ni magadi. Mgonjwa atakuapia kwamba chumvi ameacha, naye hasemi uongo. Chumvi ya dukani kweli ameacha. Lakini kunde zake zimepikwa kwa magadi, nayo ni aina ya chumvi, na moyo hauulizi chumvi imetoka wapi. Msimgombeze. Ulizeni mboga zinalainishwa na nini, kisha mzungumze na anayepika.

Basi, tulipokuwa tumezunguka kwa miezi kadhaa, Daktari Omondi aliniita ofisini akiwa na rundo la majibu mbele yake. Yale ya presha yalikuwa kama tulivyotegemea. Yale ya roho yalimshangaza.

"Athieno, hawa watu wa Dabani wamepata wapi furaha hii? Hakuna mwenye huzuni. Hakuna mwenye hofu. Mimi mwenyewe sijawahi kuwa na wiki nzuri kama ya huyu mama."

"Na huyo mama ameacha dawa," nilimwambia. "Nimesikia jana. Wala si wa kwanza."

Tukatazamana. Tulikuwa na watu wenye furaha tele waliokuwa wakiacha dawa mmoja baada ya mwingine. Tulikagua tafsiri ya maswali, ilikuwa sawa. Tulibadilisha saa za kutembelea, haikusaidia. Vitabu vilisema mtu huwa huru zaidi nyumbani kwake kuliko hospitalini, kwa hiyo nyumbani tuliona ndipo mahali penyewe.

Ndipo tulipofika kwa Mzee Wandera.

Mzee Wandera alikuwa amepakua malori kwenye yadi ya forodha ujanani, halafu akawa akibeba watu kwa baiskeli kuvuka mpaka, abiria nyuma kwenye kiti cha sponji. Alikuwa na mabega ya kazi hiyo hata baada ya moyo kupanuka. Nilipofika na mwenzangu wa kuandika, tulimkuta amevaa shati jeupe lililofungwa mpaka shingoni na soksi ndefu. Viti vya plastiki vilipangwa, kaka zake wawili walikuwapo, na jikoni mkewe, Mama Nafula, alikuwa akimpika kuku. Tuliosha mikono, tukala, tukasifu. Nikaanza maswali.

"Mzee, siku hizi hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda iko?"

"Hamu iko nyingi."

"Kuna siku unajisikia umekata tamaa?"

Aliwatazama kaka zake, akamtazama mkewe aliyekuwa anaondoa sahani. "Sista, mimi hapa natunzwa kama mtoto wa mfalme. Tamaa nakata ya nini?"

Kaka zake wakacheka. Mwenzangu akaandika.

"Na dawa?"

"Zote nakunywa."

Nilimwomba nishushe soksi. Nikabonyeza muundi, na shimo likabaki. "Leo nimekaa sana kwa sababu ya wageni," alisema, akaivuta soksi juu.

Tulipoaga, hakuinuka. "Mama Nafula atawatoa," alisema, akayaelekeza macho yake ukutani.

Mnajua desturi yetu. Mgeni haachwi atoke peke yake. Mwenyeji anamsindikiza, na kadiri anavyomsindikiza mbali ndivyo anavyompa heshima. Mgeni ndiye anayesema sasa inatosha, rudi. Mama Nafula alitembea nasi kimya mpaka tukapita shamba la muhogo na nyumba ikawa haionekani tena. Hapo akanishika mkono.

"Sista, usiandike."

"Siandiki."

"Dawa ameacha. Zile tembe anazitupa chooni. Juzi alimwita kaka yake mkubwa, akamwonyesha pale nyuma ya migomba, akasema mtanilaza hapa. Akasema akizidiwa asipelekwe tena hospitali, watu wasisumbuke."

Nilisimama. "Mama, mbona hukuniambia mle ndani?"

"Mle ndani? Mbele ya kuku?" Alinitazama kama mtu anayeeleza jambo kwa mtoto. "Mbele ya shemeji zangu niseme mume wangu ana huzuni? Watauliza ni nani amempa hiyo huzuni. Na yeye je, aseme mbele ya wageni kwamba nyumba yake imemshinda? Ameketi, umeona. Hata kuwatoa hawezi. Unafikiri hilo halimwumi?"

Hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tunakifanya kwa miezi yote hiyo. Hospitalini Mzee Wandera alikuwa mgonjwa. Nyumbani kwake sisi tulimgeuza kuwa mwenyeji, na mwenyeji hawezi kumwambia mgeni aliyeshiba kuku wake kwamba anataka kufa. Hakuwa anadanganya. Alikuwa anatukaribisha. Maswali yetu yalipata majibu ya sebuleni, na ya kweli yalikuwa yakitungoja njiani, baada ya karatasi kuingia mkobani.

Nilimpigia Daktari Omondi simu nikiwa pale pale barabarani. Nikamweleza yote.

"Majibu yake yanasema nini?"

"Yanasema ana raha kunipita mimi."

"Basi karatasi zikae. Kesho tunakwenda kama wahudumu. Mgonjwa kwanza, utafiti utajijua."

Daktari yule alikuwa na kasoro zake, na ile chai yake sitaisamehe, lakini kwa neno hilo namheshimu mpaka leo. Kama mtafiti wenu akishindwa kulisema, mtafuteni mwingine.

Tulifika asubuhi bila kutangaza, baada ya kuku kufunguliwa, kwa maana kuku aliyekwisha kutoka bandani si rahisi kumkamata. Kaka mkubwa alikuwapo. Daktari Omondi akamwomba amwonyeshe kisima, akaanza kumuuliza kuhusu raba za pampu kwa udadisi ambao ungedumu mpaka saa sita. Mimi nikabaki na Mzee.

"Mzee, nisindikize."

Uso wake ulikunjamana. "Sista, unanicheka?"

"Sikucheki. Mpaka kwenye tanuri lako la matofali tu. Kiti nabeba mimi."

"Mgeni mwanamke abebe kiti changu? Watu watasema nini?"

"Watasema Sista anaiba kiti."

Alicheka, akakohoa, akashika ukuta, akasimama.

Hapakuwa mbali. Mtu mwenye afya angefika kabla hajamaliza sentensi. Sisi tulisimama njiani, nikatua kiti, akaketi, akapumua, tukaendelea. Tulipofika penye tanuri, lile alilochomea matofali yake mwenyewe kwa ajili ya nyumba ambayo hakuimaliza, aliketi tena na mimi nikakaa juu ya matofali, pembeni yake, sote tukitazama njia. Msikae mbele ya mgonjwa mnapouliza mambo ya roho. Kaeni ubavuni. Macho yakitazama upande mmoja, mdomo hufunguka.

Alianza mwenyewe. "Sista, mimi nilikuwa nasindikiza watu mpaka Kenya."

"Najua."

"Sasa mgeni anatoka kwangu peke yake kama mwizi. Na hii dawa. Nauliza itaisha lini, mnanipa nyingine. Dawa isiyoisha ni ya mtu aliyekwisha. Halafu kile kidonge cha maji! Kinaniinua kanisani kwenda haja ndogo katikati ya mahubiri, watu wote wanageuka. Nikaacha kanisa. Baadaye nikaona, basi, niache na kidonge."

"Mzee, nakuuliza moja kwa moja. Unataka kufa?"

Najua wengi wenu mnaliogopa swali hilo, mnadhani mtampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Halimpi. Wazo likiwapo, swali linamwonyesha kwamba kuna mtu wa kulibeba pamoja naye. Ulizeni, kisha nyamazeni, hata kimya kiwe kirefu.

Chake kilikuwa kirefu. Bodaboda ilipita, ikarudi. Mwishowe akasema, "Sitaki kufa. Sitaki kuwa mzigo. Nikiona hivi viwili vimekuwa kitu kimoja, nachoka."

Nikamweleza pampu. Nikamwambia dawa haiishi kwa sababu kijiji hakiachi kuteka maji. Siku mafundi watakapoacha kuitunza pampu, ndiyo siku ya kuwa na wasiwasi. Daktari Omondi alipotoka kisimani, akiwa na tope mpaka magotini, tulimuuliza habari ya kidonge cha maji. Akasema Jumapili kinaweza kungoja mpaka ibada imalizike, na siku nyingine kibaki cha asubuhi. Mzee alimtazama kwa mshangao.

"Yaani ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu," alisema Daktari. "Sikuwa nimejua unasali."

Tulikuwa hatujawahi kuuliza. Kwenye hojaji palikuwa na mahali pa dini, lakini hapakuwa na mahali pa mahubiri marefu.

Miguu ilikuwa imevimba mno asiweze kubaki nyumbani, tukamwomba arudi wodini siku ile ile. Alikubali kwa sharti moja: asibebwe mbele ya majirani. Basi akatembea mpaka kwenye gari akisimama kila alipochoka, na kila aliposimama Daktari Omondi naye alisimama, akaulizia muhogo. Huu ni wa aina gani? Unakomaa lini? Jirani yeyote aliyetazama aliona mzee akimtembeza daktari shambani. Mama Nafula alifuata nyuma na kiti cha plastiki kichwani, na sikuwahi kumwona mtu akizuia kicheko kwa shida namna ile.

Kubadilisha utafiti hakukuwa rahisi kama kubadilisha saa za kidonge. Daktari Omondi alikuwa na hoja nzuri: ukimuuliza mmoja sebuleni na mwingine njiani, huwezi kulinganisha majibu yao. Tulibishana siku kadhaa, kwa chai yake na kwa chai yetu. Tulikubaliana kwamba kuanzia hapo kila mgonjwa, bila kuchagua, apimwe ndani, na maswali ya roho yaulizwe nje akiwa anatusindikiza, hata kama kusindikiza kwenyewe ni kuhamisha kiti mpaka kivulini. Majibu ya zamani hatukuyatupa wala kuyapaka rangi. Tuliyaweka peke yake, tukaandika wazi yalivyopatikana. Mtakutana na jaribu la kuficha yaliyoharibika. Yaacheni yaonekane, ndiyo yaliyotufundisha.

Tukaongeza na swali moja, ambalo nililipendekeza na Daktari akalipeleka kwa kamati ya maadili, wakalikubali baada ya kutuuliza mara mbili kama tuna uhakika: mgeni wako wa mwisho ulimsindikiza hadi wapi? Mtu akijibu mlangoni, tulijua habari za pumzi yake. Akijibu mlangoni na kuangalia chini, tulijua na mengine. Akisema, "Hakuna mgeni anayekuja," tuliweka kalamu chini. Furaha ya ajabu ya Dabani ilitoweka kwenye majibu yetu, na badala yake wakaja watu tunaoweza kuwasaidia. Matokeo yamo kwenye maandishi ya wataalamu, mkayasome huko. Mimi nasema nilichokiona: tulianza kusikia mapema. Wapo tuliowazika hata hivyo. Lakini hatukumzika tena mtu ambaye karatasi yetu ilisema anafurahi.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda Dabani kuaga. Mzee Wandera amezeeka, na moyo wake bado ni ule ule uliochoka. Raba hazijawa mpya. Lakini Jumapili anakaa mpaka baraka, na analalia mito miwili. Nilikula kuku wa kuchemsha asiye na chumvi, kwa sababu mgeni akiomba bila chumvi, mwenyeji naye anakula bila chumvi, na hilo pia liandikeni mahali. Nilipoaga, Mzee alichukua fimbo yake.

Tulipita tanuri la matofali. Tulipita kanisa, akapumzika kwenye ngazi zake, akaniambia habari za mchungaji ambazo siwezi kuzirudia. Baada ya hapo nilianza kuwa na wasiwasi, nikafanya anachotakiwa kufanya mgeni.

"Mzee, inatosha. Rudi sasa."

"Wewe ndiye nesi, lakini njia ni yangu. Tembea."

Nilimsikiliza kwa masikio ya Sista Nabwire. Alikuwa anamaliza sentensi bila kukata pumzi. Nikatembea. Nyuma yetu, mbali kidogo ili asionekane anatufuata, alikuja Mama Nafula na kile kiti cha plastiki kichwani.

Tulipofika barabara ya lami, Mzee aliinua fimbo, boda ikasimama. Dereva akaangalia mkoba wangu. "Sista, leo mizani iko wapi?"

"Amestaafu," Mzee alimjibu kabla yangu. "Mbebe polepole. Huyu ni mgeni wangu." Kisha akanigeukia, jasho likimtiririka, kifua kikipanda na kushuka, uso wote umekunjuka. "Sista, lile swali lako hujaniuliza leo."

"Sina karatasi, Mzee. Nimezikabidhi zote."

"Basi utaandika ukifika."

Nimefika. Mzee Wandera wa Dabani, mgeni wake wa mwisho alimsindikiza hadi barabarani.